Hodhi, Akiba na Kata: Historia ya Neno "Bafa" katika Mitambo ya Sauti

Katika kukusanya istilahi za kompyuta, aghalabu tumeanza na maneno yanayoonekana usoni mwa mashine. Jambo OpenOffice ilipotolewa Dar es Salaam mwaka 2004, maneno yaliyohitaji kutafutwa yalikuwa ya namna hiyo: faili, hariri, chapisha, hifadhi. Kazi ile ilikuwa kubwa na ya lazima. Lakini tumboni mwa mashine kuna maneno mengine ambayo mtumiaji hayaoni mpaka siku jambo linapoharibika, na moja la maneno hayo ni bafa. Limeingia katika mazungumzo ya mafundi wetu kama lilivyo, likapewa irabu mwishoni, likaachwa. Katika makala hii tunakusudia kulifuata neno hilo katika historia ya sauti kwenye mifumo ya jamii ya Unix, kwa kuwa ni huko ndiko tulikoona kwamba neno moja limebebeshwa mizigo miwili, na kwamba mzigo wa pili ndio unaowapotosha watu.

Kwa Kiingereza neno hili lilijulikana kwanza katika reli. Ni kile kifaa cha chuma chenye kamani ambacho hupokea mshindo wa behewa moja linapogongana na jingine. Mfasiri anayefuata maana hiyo ataishia kwenye kinga, au mto, au kizuia-mshindo. Maneno hayo ni mazuri kwa reli, lakini hayafai kwa kompyuta, maana katika kompyuta hakuna kinachogongwa. Kuna kinachosubiri.

Sauti ikiingizwa katika kompyuta hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu. Katika santuri ya CD sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, kwa chaneli mbili, na kila kipimo huchukua baiti mbili. Jumla yake ni baiti 176,400 kwa sekunde. Kadi ya sauti huzila tarakimu hizo kwa mwendo mmoja usiobadilika, nayo haiwezi kuambiwa ingoje. Programu inayoileta sauti, kwa upande wake, haina mwendo mmoja: mara inasoma diski, mara imewekwa kando ili programu nyingine ipate zamu yake. Baina ya hao wawili, mmoja asiyengoja na mwingine anayechelewa, hutengwa sehemu ya kumbukumbu. Programu huimimina sauti humo kila inapopata nafasi, na kadi huichota humo bila ya kusita. Sehemu hiyo ndiyo inayoitwa bafa. Ikikauka kabla programu haijarudi, spika hukatika au hukwaruza.

Unix ilianzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969. Waasisi wake walipendelea kila kifaa kionekane kama faili: anayetaka kuchapa huandika katika faili ya printa, naye anayetaka kusoma utepe husoma faili ya utepe. Sauti ilipofika ilipangwa katika safu hiyo hiyo. Kwa uandishi wa programu mpango huo ulikuwa neema, lakini ulificha tofauti moja. Printa ikicheleweshwa nusu dakika, karatasi itatoka vile vile ilivyokusudiwa. Sauti ikicheleweshwa hata sehemu ndogo ya sekunde, imeharibika. Hakuna kitu katika neno faili kinachomwonya mtu juu ya wakati.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, alitoa kiini cha mfumo wa Linux. Mwaka uliofuata mwananchi mwenzake wa Finland, Hannu Savolainen, alianza kuandika kiendeshi cha kadi ya Sound Blaster kwa ajili ya mfumo huo. Kadi hizo zilikuwa za kampuni ya Creative ya Singapore, na zilikuwa zimeenea sana. Kazi ya Savolainen ilipanuka ikawa Open Sound System, ambayo mafundi huiita OSS. Programu ilifungua faili iitwayo /dev/dsp, ikaandika tarakimu humo, na sauti ikatoka. Tusilipite hili bila ya kutaja jambo dogo: kwa kadi nyingi za siku zile, programu ya kwanza kuifungua faili hiyo iliishika peke yake, na ya pili iliambiwa kifaa kina shughuli. Kiswahili kina kitenzi kamili cha tabia hiyo, nacho ni kuhodhi. Tutarudi kwenye neno hilo.

Hapa ndipo tunapokutana na kikomo cha kwanza. Katika kompyuta za jamii ya IBM PC ya mwaka 1981, kazi ya kuhamisha tarakimu kutoka kwenye kumbukumbu hadi kwenye kadi bila ya kuishughulisha bongo kuu ilifanywa na kidhibiti cha Intel chenye namba 8237. Hesabu yake iliishia kwenye biti 16, yaani haikuweza kuhesabu zaidi ya 65,536. Kwa hiyo katika njia zake za biti 8 bafa haikuweza kuzidi kilobaiti 64, wala haikuruhusiwa kuvuka mpaka wa kila kilobaiti 64 za kumbukumbu. Na njia yenyewe ya kadi za zamani ilifikia megabaiti 16 za kwanza tu. Mtu aliyekuwa na kumbukumbu kubwa kuliko hiyo hakupata nafuu yoyote.

Sasa tuigeuze idadi hiyo iwe wakati. Baiti 65,536 za sauti ya ubora wa simu, yenye vipimo 8,000 kwa sekunde na baiti moja kwa kila kipimo, ni zaidi ya sekunde 8. Baiti hizo hizo kwa sauti ya ubora wa CD ni sekunde 0.37. Chombo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni muda ambao programu inaweza kuwa mbali na mashine isife kiu. Mtu akisema "bafa ya 64" hajatuambia ni muda gani, na muda ndio tunaouhitaji tunapotafuta kosa. Hili ndilo tulilokusudia tuliposema kwamba neno moja limebebeshwa mizigo miwili: linataja mahali, na wakati huo huo linaachiwa litaje muda.

Kikomo hicho kilileta tabu nyingine iliyowashangaza wengi. Kidhibiti kile kilitaka kumbukumbu yenye kufuatana bila ya pengo. Mashine ilipowashwa asubuhi ilikuwa rahisi kuipata. Baada ya saa kadhaa za kazi kumbukumbu ilikuwa imekatwakatwa huku na huko, na kiendeshi kilichoomba kilobaiti 64 zinazofuatana kilikataliwa ingawa nafasi tupu ilikuwa tele. Mwenye mashine aliona tangazo la kwamba kumbukumbu haitoshi, akatazama, akaona inatosha, akadhani mashine inasema uongo. Dawa iliyoandikwa katika maelezo ya kiini ilikuwa kukipa kiendeshi chaguo la dmabuf=1, ambalo lilikiambia kitenge hodhi lake mara moja kinapoanza na kisiliachie tena. Tumeandika hodhi hapa kabla ya kulitetea, msomaji atatuvumilia.

OSS ililigawa hodhi katika mapande yaliyolingana, ikayaita fragimenti. Kila pande moja lilipomalizika, kadi iliipigia programu hodi ije kumimina jingine. Programu iliweza kuomba ukubwa wa mapande na idadi yake, lakini namna ya kuomba ilikuwa ya fumbo: ukubwa haukuandikwa wenyewe, bali iliandikwa idadi ya mbili zinazozidishwa pamoja. Aliyetaka baiti 4,096 aliandika 12. Tena hilo lilikuwa ombi, si amri. Kiendeshi kiliweza kutoa kingine kisichoombwa, na programu ambayo haikurudi kuuliza imepewa nini iliendelea kufanya hesabu juu ya hodhi ambalo halikuwapo.

Mwaka 1998 Jaroslav Kysela wa Ucheki alianza kazi ya ALSA, iliyotokana na kiendeshi cha kadi ya Gravis Ultrasound. Kufikia Linux 2.6, iliyotolewa Desemba 2003, ALSA ilikuwa imeshika nafasi ya OSS. Pamoja na mfumo mpya yalikuja majina mapya. Kilichoitwa fragimenti sasa kiliitwa piriodi, yaani kipindi. Mtu anayepima maneno ataona kwamba wahandisi wenyewe walikuwa wakijongea kutoka kwenye mahali kwenda kwenye wakati: pande ni kitu cha kushikwa, kipindi ni cha kungojwa. Hata hivyo neno bafa lilibaki, na lilibaki na mizigo yake yote miwili.

Jina jingine la enzi hiyo limetufunza zaidi kuliko yote. Hodhi likikauka, ALSA huirudishia programu namba ya kosa iliyoazimwa kutoka kwenye mabomba ya Unix, yale mabomba yaliyopendekezwa na Doug McIlroy ya kuunganisha programu moja na nyingine, na yaliyoingia katika Unix mwaka 1973. Maana ya asili ya kosa hilo ni kwamba programu imeandika katika bomba ambalo upande wa pili hakuna anayesoma. Programu ambazo hazikuwa na maelezo yao wenyewe zilimwonyesha mtumiaji tafsiri ya kawaida ya namba ile: bomba limevunjika. Basi mtu ambaye sauti yake imekatika kwa sababu programu imechelewa huambiwa kwamba kuna bomba lililovunjika, naye huanza kukagua waya za spika. Hatuna mfano bora wa hasara ya istilahi iliyohamishwa kutoka mahali pake bila ya kupimwa. Kosa lenyewe si kubwa. Kiendeshi hutayarishwa upya na sauti ikaendelea. Lakini jina limempeleka fundi mlango usio wake.

Tuje sasa kwenye kilobaiti 64 mara ya pili. Mwaka 2004 Intel ilitangaza kanuni za HD Audio, ambazo zilienea katika kompyuta za mezani na za mkononi. Maunzi hayo hayana uhusiano wowote na kidhibiti cha 8237 wala na mpaka wake. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi kiendeshi chake katika Linux kilitengewa kilobaiti 64 kama kawaida yake, na maelezo ya kiini yalisema wazi kwamba kiasi hicho kimechaguliwa kwa ajili ya upatanifu tu, na kwamba kikubwa zaidi, kwa mfano 2,048, kingefaa. Sababu ilikuwa imekwisha kufa, hesabu yake ikabaki hai. Kwa sauti ya vipimo 48,000, chaneli mbili na baiti mbili, kiasi hicho ni kama theluthi moja ya sekunde, na watu wengi hawakuona tatizo. Lakini kwa sauti ya vipimo 192,000, chaneli nane na baiti nne, ni milisekunde 11 hivi, na hapo programu ya kuchezea sauti iliyoomba zaidi haikupewa. Aliyejua alikwenda katika faili iitwayo prealloc iliyo chini ya /proc/asound, akaona humo namba 64, akaandika kubwa kuliko hiyo wakati kifaa kimefungwa, mradi asipite kikomo kilichoandikwa katika faili ya jirani. Asiyejua aliendelea kuongeza namba katika programu yake, naye kiendeshi kikaendelea kumpa kile kile.

Katika FreeBSD tumekuta mtindo wa tatu. Huko mtumiaji anaweza kuweka namba baina ya 0 na 10 kueleza kiasi cha uchelewaji anachokubali. Namba hiyo si ya baiti wala si ya sekunde, nayo huzihusu tu programu ambazo hazikuomba ukubwa wake zenyewe. Tunakiri kwamba mtindo huu tumeupenda, kwa kuwa angalau unakubali wazi kwamba kinachopangwa ni subira.

Mambo yalidhihirika zaidi pale watu wa aina mbili walipokutana kwenye mashine moja. Wanamuziki walitumia JACK, iliyoanzishwa na Paul Davis na kutolewa mwaka 2002. Walitaka sauti itoke mara tu kidole kinapogusa kinanda, kwa hiyo walichagua vipindi viwili vya vipimo 256, ambavyo kwa mwendo wa 48,000 ni milisekunde 11 tu. PulseAudio ya Lennart Poettering, iliyoanza mwaka 2004 kwa jina jingine, ilikuwa na haja tofauti: tangu mwaka 2008 ilitaka hodhi kubwa la sekunde mbili hivi, ili bongo kuu ipumzike na betri idumu. Wengi walihukumu kwamba hodhi kubwa kama hilo lazima lilete uchelewaji wa sekunde mbili. Hawakuwa sahihi. PulseAudio ilipokuwa na programu isiyovumilia uchelewaji, iliweza kulijaza hodhi lile kubwa kidogo tu, kisha ikatumia saa ya mashine kujua lini iongeze. Uchelewaji haupimwi kwa ukubwa wa chombo bali kwa kina cha maji yaliyomo. ALSA yenyewe ina maswali mawili tofauti kwa programu inayouliza: hodhi lina ukubwa gani, na ni kiasi gani kilichomo ambacho bado hakijasikika. Majibu yake hayalingani ila hodhi likiwa limejaa pomoni.

Kwa sababu hii hatuoni kwamba Kiswahili kinahitaji neno moja la kuchukua nafasi ya bafa. Kinahitaji mawili. Chombo, yaani sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa na ambayo ina kikomo chake, tunapendekeza kiitwe hodhi. Kilichomo ndani kwa wakati fulani, kinachosubiri zamu yake, tunapendekeza kiitwe akiba. Hodhi hupimwa kwa baiti. Akiba hupimwa kwa sekunde. Fundi anayesema "akiba imekwisha" amesema jambo tofauti na anayesema "hodhi ni dogo," na tiba zake ni tofauti pia. Wa kwanza atatazama ni nini kilichoichelewesha programu, pengine kazi nyingine iliyopewa kipaumbele. Wa pili atatazama kikomo cha kiendeshi. Mtu mwenye neno bafa peke yake ataongeza ukubwa katika hali zote mbili, nasi tumekwisha kuona hilo linampeleka wapi.

Zipo hoja za kupinga. Itasemwa kwamba kuhodhi kumekwisha kuwa na sifa mbaya, na uhodhi umekuwa neno la wachumi. Hatuoni kwamba hilo linadhuru. Jina la chombo ni la zamani na lingali hai, na anayelisikia hodhi la sauti hatadhani kwamba sauti imefichwa dukani ipande bei. Itasemwa tena kwamba akiba ni ya benki. Lakini mama anayeweka akiba ya chakula hajafika benki, nasi hatukumnyang'anya mtu neno.

Upo upande wa kurekodi, ambao unatuhusu sisi watu wa lugha kuliko upande wa kusikiliza. Hapo mambo hugeuka: kadi ndiyo inayomimina, programu ndiyo inayochota, na programu ikichelewa hodhi hufurika. Maji yaliyofurika hayarudi. Tuseme mkusanyaji amekaa na mzee kijijini, anarekodi usemi wake kwa kompyuta, na hodhi likafurika kwa muda wa silabi moja. Mzee amesema "hatukubali," faili imehifadhi "tukubali." Hakuna mkwaruzo wa kumwonya msikilizaji, kwani vipande viwili vinaweza kuungana vizuri sana, na sarufi ya kilichobaki ni sahihi. Katika lugha ambayo ukanushi hukaa katika silabi moja mwanzoni mwa kitenzi, kufurika kwa hodhi si suala la mafundi peke yao. Ndiyo maana tunataka kukauka na kufurika yawe maneno mawili ya kawaida katika orodha zetu, na tusikubali lile neno la mkato la ALSA linaloyaunganisha yote mawili chini ya herufi ya iksi.

Limebaki lile pande ambalo OSS iliita fragimenti na ALSA ikaita piriodi. Tumelipendelea neno kata, ile kata ya kifuu cha nazi yenye mpini ambayo watu huchotea maji mtungini. Kata ni kipimo kisichobadilika, huchota mara kwa mara, na idadi ya kata zinazoingia katika hodhi inahesabika. Kata kubwa hupunguza safari lakini huongeza kungoja. Kata ndogo humfanya mchotaji asipumzike. Kwa bahati njema sauti ya neno inakumbusha pia kukata, yaani kugawa. Tunajua kwamba kata ni eneo la utawala vile vile, lakini diwani na fundi wa sauti hawakutani katika sentensi moja mara nyingi.

Jambo moja hatukulimaliza. Katika PipeWire ya Wim Taymans, ambayo tangu Fedora 34 ya mwaka 2021 imechukua nafasi ya PulseAudio katika mfumo huo, kipo kipimo kiitwacho kwantamu. Kipimo hicho hakiwi cha kadi moja, bali ni mapatano ya programu zote zilizounganishwa: akiingia mwanamuziki anayetaka uharaka, wote huharakishwa pamoja naye, akitoka, wote hulegezwa. Kukiita kata kungekuwa kosa, maana hapa hakuna chombo, bali watu wengi wanaosogea kwa pigo moja. Mmoja wetu alitoa neno mkupuo, mwingine zamu. Mkupuo unaeleza wingi wa kinachopita mara moja, lakini unanyamaza juu ya mapatano. Zamu inaeleza mapatano na wakati, nasi kwa sasa tumeiandika hiyo katika orodha, kwa penseli.